Gundi ya Mzenga na Dawa Nyekundu

Sifa na shukrani ni zako, Mungu Baba, uliyenipa pumzi, ukanipa kazi, kisha ukanipa umri wa kuitua kazi hiyo kwa mikono yangu mwenyewe. Wewe uliyeficha faida hata kwenye kidonda cha mti, nisaidie nieleze niliyoyaona bila kuongeza na bila kupunguza. Amina.

Nawaandikia ninyi mnaobaki maabara. Siku ya kuniaga mlitaka nizungumze, nami mnajua sina sauti ya majukwaani. Nilisema asante nikakaa. Sasa niko nyumbani Misugusugu, na nikishamwagilia mchicha asubuhi sina pa kuwahi. Nimeona niandike. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja kwa wakati wake, na sikumbuki kama viliwahi kunifundisha kitu.

Nilikuja Kibaha kutoka Tabora nikiwa kijana mwenye cheti cha ufundi sanifu wa maabara na sanduku la bati. Nilishuka Maili Moja, nikauliza njia kwa muuza machungwa, naye akanielekeza kanisani, labda kwa sababu ya suti niliyokuwa nimevaa. Haikuwa bahati mbaya. Mimi ni Mmoravian, na jirani hapakuwa na ushirika wetu, basi nikaanza kusali na Walutheri hapo hapo. Walinipokea, na mpaka leo hawajanifukuza.

Maabara nilipokewa na Bi Anastazia, Mungu amrehemu. Alikuwa mama mfupi wa Kongowe, Mkatoliki wa kweli, na ndiye aliyesimamia mafundi wote. Nilitegemea anionyeshe hadubini. Alinipa brashi ya chupa na kunielekeza kwenye beseni. Nilipoosha chupa ya kwanza aliichukua, akaimiminia maji, akaiinamisha dirishani. Akanifundisha hivi: maji yakiteleza yote pamoja kama shuka, kioo ni safi, yakibaki matone matone, kuna mafuta, rudi kwenye beseni. Nilirudi kwenye beseni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanaandika nyumbani kwamba wanapima damu na kuchunguza vijidudu. Mimi niliandika kwamba niko salama.

Bi Anastazia hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na utani wake. Aliposikia nasali wapi alisema Mmoravian anayekaa kwa Walutheri ni sampuli isiyo na lebo. Lakini siku nilipofiwa na mama yangu Tabora, yeye ndiye aliyesimama mlangoni akamkataza mtu yeyote asinipe kazi, kisha akasali rozari yake karibu yangu mpaka basi likaja. Kila kitu ninachojua kuhusu usafi wa vyombo na usafi wa moyo kazini, nimekitoa kwake.

Miaka mingi ilipita tukipima maji ya visima na ubora wa vidonge. Kazi nzuri, isiyo na hadithi. Hadithi ilianza Daktari Neema aliporudi kutoka masomoni.

Wengi wenu mmemkuta akiwa mkuu wa kitengo. Mimi nilimwona akiingia na begi mgongoni, binti mwembamba, akaniamkia shikamoo, halafu akaniuliza kama naweza kumpata mtu wa kumletea utomvu wa mikorosho, ule unaoganda kwenye gome mti ukijeruhiwa. Nilimwambia utomvu huo watoto wa Kisarawe wanauchezea. Akasema huo huo.

Kwa faida ya wageni watakaosoma, nieleze kidogo. Polima ni mnyororo: punje moja ndogo imeshikana na nyingine, na nyingine, mpaka unapata uzi mrefu. Wanga wa ugali ni polima, plastiki ya ndoo ni polima, na gundi ya mkorosho ni polima pia. Nyuzi hizo ukizitendea inavyotakiwa zinajikunja na kuwa vijichembe vidogo mno. Mamia ya vijichembe hivyo, ukivipanga mstari, havitoshi kuvuka upana wa unywele. Na ndani ya kila kimoja unaweza kufungia dawa.

Dawa tuliyoitumia sisi ni ile nyekundu ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti wanaijua. Ni dawa kali na inafanya kazi. Tabu yake ni kwamba ikishaingia kwenye mshipa inatembea mwili mzima, inagonga kila mlango. Nywele zinadondoka, mdomo unatoka vidonda, tumbo linakataa chakula, na moyo nao usipoangaliwa unaumia. Daktari Neema alitaka dawa isafiri imefungwa, ifunguke ikifika kwenye uvimbe. Akaamua kuvipaka vijichembe foliki asidi, ile ile ya vidonge wanavyopewa wajawazito kliniki, kwa sababu seli nyingi za saratani zina ulafi nayo: zikiiona zinaivuta ndani, na dawa inaingia nayo.

Nilipenda wazo hilo tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na heshima ndani yake, kumpelekea mtu kinachomhusu bila kuwasumbua majirani.

Gundi tuliipata Mzenga, upande wa Kisarawe, ukitokea Mlandizi na kuvuka reli. Kina mama wa huko walikubali kutukusanyia, na aliyewaongoza alikuwa Bi Mwajuma, mjane mwenye shamba kubwa la mikorosho na mdomo mkubwa kuliko shamba. Aliposikia natokea Tabora alifurahi sana. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata msibani kujitwalia vitu vya marehemu, na wewe hukasiriki.

"Mbeba mizigo amefika," aliwatangazia wenzake. "Umeutua wapi leo, Mnyamwezi?"

Nikamjibu nimekuja kuona kama bado wana shamba, maana nilisikia Wazaramo wameyauza yote wapate kucheza ngoma. Kuanzia siku hiyo tulielewana.

Kazi ilikuwa hivi. Gundi inalowekwa, inachujwa kwa kitambaa, inamiminiwa spiriti mpaka inajitenga kama mtindi mweupe, kisha inawekwa kwenye mfuko wa utando na kuzamishwa majini ili uchafu mdogo utoke wenyewe. Maji unabadilisha, unasubiri, unabadilisha tena. Vijana wengi wanashindwa hapo kwenye kusubiri. Wakati mfuko unaogelea nilikuwa nasali kimoyomoyo. Sijui kama sala ilisaidia mfuko, mimi ilinisaidia.

Mwanzoni vijichembe vilitoka vizuri. Halafu ukaja msimu tukaharibikiwa. Jioni chupa inakuwa na ukungu mzuri wa samawati unaoonyesha kwamba vijichembe ni vidogo. Asubuhi unakuta vimeshikana na kutuama chini kama machicha ya nazi. Tuliyalaumu maji, tukaulaumu umeme, tukailaumu mashine ya kupimia. Kuna aliyenilaumu mimi, nami nikarudi kwenye beseni la Bi Anastazia na kuosha vyombo vyote upya.

Jibu lilikuwa Mzenga. Nilikwenda kuchukua gundi nyingine, nikamkuta Bi Mwajuma anaichota kutoka kwenye mtungi, na kila kipande kimefunikwa majivu. Nikamuuliza ni nini. Akaniambia kwa fahari kwamba gundi yetu sasa haiguswi na sisimizi wala hainati, kwa sababu anaihifadhi kama mbegu za kunde. Mtungi ule ulikuwa wa mbegu zake mwenyewe, ametutolea sisi. Na majivu, kama mjuavyo, yana chokaa. Chokaa inakwenda kushika uzi huu na uzi ule, na vijichembe vinafungana kama ng'ombe kwenye nira. Tulikuwa tunaosha gundi, lakini chokaa ilikuwa imeshang'ang'ania.

Nilimweleza taratibu. Akakung'uta majivu mikononi.

"Nimewatunzia kama mbegu zangu, na bado mnalalamika. Basi leteni ndoo yenye mfuniko, maana nyumba yangu si maabara."

Tukapeleka ndoo. Ukungu wa samawati ukarudi, na ukakaa mpaka asubuhi, na asubuhi nyingine. Daktari Neema aliimba siku nzima. Haimbi vizuri, lakini siku ile hakuna aliyemwambia.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu. Jina kamili la kile tulichokuwa tunatengeneza lilikuwa refu, na mtu anayefanya kazi hana muda wa majina marefu. Basi maabara tukawa tunaita "dawa". Nani ameacha dawa nje ya friji? Dawa ya jana imepimwa? Haikuwa dawa, lilikuwa jaribio, na bado lilikuwa kwenye seli zinazooteshwa ndani ya visahani vya plastiki. Hata panya hawajaguswa. Lakini neno likishazoeleka linatoka nje bila kuaga. Likapanda gari letu, likafika Mzenga, na kule kina mama wakawa wanasema wanachuma dawa ya saratani.

Siku moja nikapigiwa simu na Zuhura, binti mkubwa wa Bi Mwajuma. Sauti ilikuwa ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba. Mama yake alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliuficha mpaka walipomwona akivaa nguo kwa shida. Zahanati walimwandikia aende hospitali ya wilaya, wilaya wakachukua kipimo wakampa rufaa ya Dar es Salaam kuanza matibabu, na yeye akarudi nyumbani akakaa. Watoto walipomhimiza alinyamaza. Zuhura alisema wanaogopa hata kuutaja ugonjwa mbele yake, kwa sababu kumtajia mama kifo ni kama kumwitia.

Nilimwambia nitakuja kesho. Usiku ule nilisali sana, maana sikujua nitasema nini ambacho watoto wake hawajasema.

Jibu nililipata njiani, nikivuka reli. Watoto hawawezi kumtajia. Mtani anaweza.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, amepungua, wanawe wamemzunguka kimya. Hata kunitukana hakunitukana. Nikapita bila kukaa. Nikaenda kwenye kinu kilichokuwa uani, nikakigonga kwa kiganja, nikatangaza kwamba hiki ni changu. Nikamshika mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo, nikamwambia Zuhura huyu pia aandikwe wangu. Nikauliza mtungi wa kunde uko wapi. Wanawe waliinama. Mdogo wao wa kiume alisimama kama anataka kunitoa.

"Unagawana mali yangu nikiwa hai?" Bi Mwajuma aliuliza.

"Nimewahi," nikasema. "Mvua zikianza, barabara ya Mzenga haipitiki. Nikisubiri mazishi yako nitakuta Wasukuma, watani wenzangu, wamebeba kila kitu."

Mabega ya Bi Mwajuma yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kilio, na Zuhura akamkumbatia. Lile neno lilikuwa limeshatajwa, na hakuna aliyekufa kwa kulitaja.

Nikakaa mkekani. Nikamuuliza kwa nini hajaenda Dar. Akanionyesha kikombe pembeni yake. Kilikuwa na maji mazito ya rangi ya asali: gundi iliyolowekwa. Alikuwa anakunywa kila asubuhi. Akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba yeye hakatai dawa. Anasubiri ya kwetu. Ameichuma kwa mikono yake, ameihifadhi, ameiwekea majivu na ameacha kuiwekea majivu. Kwa nini akatiwe ya watu wengine, yenye kung'oa nywele, wakati ya kwetu imekaribia? Aliniuliza tu kama itakuwa tayari kabla ya mavuno ya korosho.

Ndugu zangu, nimewahi kushika chupa zilizoweza kunitoa macho. Sijawahi kushika kitu kinachotisha kama tumaini la yule mama. Ukilikosea unamuua, na ukilivunja vibaya unamuua pia.

Nilimwambia ukweli: haitakuwa tayari mavuno haya, wala mavuno yajayo, wala sijui yapi. Alitikisa kichwa kama mtu asiyeamini. Akasema anataka aione kwa macho yake kwanza, ndipo ataamua. Nikamjibu Kibaha iko njiani kwenda Dar. Afunge nguo zake, apite aone, na akitaka kurudi nitamrudisha mwenyewe.

Asubuhi tuliondoka. Kabla gari halijawashwa alinyanyua mikono akaomba dua, nami nikavua kofia nikaomba kwa namna yangu. Wote tukasema amina, na dereva, ambaye hajawahi kunieleza dini yake, akasema amina pia.

Daktari Neema alikuwa ameandaa meza. Alimwamkia, akamvika koti jeupe, akamketisha kwenye kiti chake. Mbele yake aliweka vichupa viwili. Kimoja kilikuwa na maji mekundu, safi, yanayong'aa kama juisi ya rosela. Cha pili kilikuwa chekundu vile vile ila kina ukungu.

"Hii safi ndiyo dawa yenyewe, mama," Neema alisema. "Ni hii hii wanayotumia hospitali leo. Sisi tumeinunua tu."

"Na gundi yangu iko wapi?"

"Kwenye hiki chenye ukungu. Gundi inaibeba dawa, ili isiunguze njiani."

Bi Mwajuma alivishika vyote viwili, akaviinua dirishani kama alivyokuwa akifanya Bi Anastazia, akavitazama kwa zamu.

"Gundi peke yake haiui ugonjwa?"

"Hapana, mama. Peke yake haiui."

Alivirudisha mezani polepole sana. Mimi niliangalia sakafu.

"Basi gundi ni sahani," alisema. "Chakula kipo siku zote. Nimekaa Mzenga na njaa yangu nasubiri sahani."

Neema alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti, jambo ambalo huwa anawakataza wanafunzi. Bi Mwajuma akanigeukia.

"Na wewe, Mnyamwezi. Miaka yote hii Kibaha unaosha sahani?"

Nilimwambia ndiyo, tangu siku ya kwanza kabisa. Akavua koti, akalikunja vizuri, akamwambia Zuhura wasichelewe, foleni ya Dar haimsubiri mtu.

Hakupona kwa urahisi. Alitiwa ile nyekundu, na ilimfanyia yote niliyoyataja juu. Nywele zilikwenda, ladha ya chakula ikaenda, kuna wiki alikuwa hawezi kusimama. Nilimtembelea wodini, akanieleza kwamba muuguzi alipoleta dripu ya kwanza alimwambia, hii naifahamu, nimeishika mwenyewe, mnaileta bila sahani. Muuguzi alidhani ana homa. Baadaye akafanyiwa upasuaji, na baada ya upasuaji kliniki za kurudi rudi, na kila aliporudi majibu yalikuwa mazuri kuliko ya nyuma. Nywele zilipoota zilikuwa laini, akasema hizi si zake, ni za binti mwingine, lakini hazirudishi.

Maabara nasi tukabadilika. Daktari Neema alipiga marufuku neno "dawa". Tukaanza kusema "sahani", na mnaona mpaka leo wageni wakubwa wakija wanashangaa kusikia watafiti wanaulizana nani ameacha sahani kwenye friji. Waelezeni. Na kila mwaka gari likienda Mzenga, mtu mmoja ashuke aketi na kina mama, aseme wazi tulipofika na tusipofika, na awaambie atakayeona uvimbe aende hospitali siku hiyo hiyo. Msiichukulie kazi hiyo kama ya ziada. Ni sehemu ya jaribio kama ilivyo kubadilisha maji ya mfuko.

Tumefika mbali. Vijichembe vimevuka visahani vya plastiki, vimefika kwa panya, na uvimbe wao umepungua huku manyoya yao yakibaki. Mtu bado. Mnaweza kufika kwa mtu mimi nikiwa hai, au nikiwa nimeshalala; kwa Mungu vyote ni sawa, nami nimejifunza kubadilisha maji na kusubiri.

Siku ya kuniaga mlimwona mama mmoja mwenye kanga ya njano akiingia na ndoo ya gundi yenye mfuniko. Wengine mlidhani ni mpishi. Alipita kwenye viti vyote akaenda moja kwa moja kwa Daktari Neema, akamuuliza kama sahani bado. Neema akasema bado, mama, lakini inakuja.

"Msiharakishe mkaiharibu," Bi Mwajuma alisema. "Mimi nilimiminiwa mkononi, ikaniunguza, lakini nikashiba. Wajukuu zangu ndio watakaokula kwenye sahani."

Kisha akaniambia kinu changu bado kipo uani, nikakichukue siku nikipenda, ila nijue anakitumia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu ayabariki macho yako na mikono yako. Kama wewe ni mgonjwa, akupe njia fupi ya kufika kwenye tiba na mtu wa kukuambia ukweli. Kama wewe ni mfanyakazi, akujalie maji yateleze kwenye kioo chako kama shuka, na akupe subira ya kumaliza usichokianza wewe. Amani yake ikae nyumbani kwako. Amina.